Betri Iliyojaa Kabla ya Mteremko

Gebhard Öttinger alipostaafu aliuza gari lake, akakitangazia kijiji kizima kwamba hatapanda tena kitu kinachokunywa mafuta. Tangu hapo alishuka bondeni kwa chombo cha kanyagio, magurudumu matatu ndani ya ganda jeupe. Kaka yake, Anselm, alikiita kijeneza.

Mteremko ule ni mrefu. Breki za kawaida hupata moto katikati, zikalegea. Kwa hiyo Gebhard alifunga mota ya umeme kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma. Akipanda, inamsukuma, akishuka, inageuka breki, na umeme inaouzalisha unarudi kwenye betri. Sharti lake betri iwe na nafasi. Iliyojaa haipokei, kama mgeni aliyekwisha kula kwao.

Mkewe, Irmtraud, hilo hakulijua. Miaka yote alidhani mumewe haijazi betri kwa ubahili, na kwao ubahili hauulizwi sababu. Shemeji yake Anselm alipozidiwa, Irmtraud alichomeka chaja usiku kucha. Asubuhi hospitali ya bondeni ikapiga simu: Anselm hatafika jioni akiwa hai.

"Nimekujazia pomoni, baba," alisema Irmtraud. "Leo usikwame njiani."

Gebhard akatazama taa za betri. Akamshukuru.

Ilibidi umeme upotezwe kwanza. Akapanda hadi makaburini, akashuka, akazunguka kanisa, akapanda tena. Jirani yake Hägele alikuwa anafagia mbele ya nyumba.

"Vipi jirani, umepotea kijijini kwako?"

"Napunguza betri. Nakwenda kwa Anselm, yuko mahututi."

Hägele akaangusha ufagio. "Mungu wangu! Ingia kwenye gari, twende!"

"Ahsante. Nilishasema sipandi."

"Ulisema, tukasikia sote, hata viziwi. Nani atakucheka leo?"

Gebhard alimjua atakayecheka: Anselm. Akazunguka tena kanisa.

Betri ilipopata nafasi, mota ikashika breki, akateremka salama kabisa. Muuguzi alimpokea mlangoni mwa wodi kwa sauti ya chini.

"Pole sana, Bwana Öttinger. Ndiyo kwanza ametutoka. Alikuwa anakuulizia."

"Alisema nini?"

"Alisema utakuja na kijeneza chako, kwa hiyo tusiwe na haraka."

Gebhard akaketi kando ya kitanda, kofia ya baiskeli bado kichwani.

Alasiri Hägele alimfuata. Alifungua mlango wa gari, na Gebhard akaingia.