Punda Ndani ya Picha ya Flamingo

Nawasimulia haya, ila mnicheke taratibu, maana mke wangu ameshanicheka kwa niaba yenu wote, na mimi hadi leo nikipita naye Ziwa Singidani naangalia upande wa pili wa barabara.

Ilikuwa kiangazi, alizeti zimeshavunwa, na Jumapili ya wiki ile nilikuwa naenda Unyambwa kujitambulisha kwa baba yake mchumba wangu Neema, mzee ambaye sikuwahi kumwona ila nilishaonywa kuwa kwake bila heshima hupati mke. Nikaona nisiende mikono mitupu, nimpelekee picha kubwa ya flamingo (kitabuni wanaitwa heroe, lakini ukisema heroe mjini watu wanakutazama tu).

Basi nikamchukua mshenga wangu, Hamisi, tukalala kifudifudi kwenye mawe ya kando ya ziwa, na kwa kuwa napenda kufundisha nikamweleza vizuri kabisa: ndege anaogopa sauti na kutikisika, kwa hiyo hata akija nani hatugeuki na hatujibu. Sheria hiyo niliitunga mimi, kumbukeni.

Flamingo wakaanza kusogea nami nimebana pumzi, ndipo nikasikia mtu akikohoa nyuma yetu, kile kikohozi cha mzee anayesubiri shikamoo. Hatukugeuka.

"Wanangu, hamjamwona punda hapa? Sikio lake moja limechanika."

"Mjibu mzee," Hamisi akaninong'oneza.

"Sheria," nikasema, kisha bila kugeuka nikanyoosha mkono nyuma nikaupunga, kama mtu anayefukuza kuku kwenye mtama ulioanikwa. Nikasikia viatu vyake vya katambuga vikiondoka polepole. Nikapiga picha, na ilikuwa nzuri kweli.

Jumapili sebule ilijaa mashangazi na majirani, shikamoo nimezitoa mpaka kwa mtu niliyemzidi umri, Hamisi ameongea vizuri, nikafunua picha. Watu wakaisifu. Mzee akavaa miwani, akaisogelea, akawaacha flamingo wote akaweka kidole pembeni, kwenye kitu cha kijivu ambacho siku zote nilidhani ni jiwe.

"Huyu ni punda wangu."

Nikainama. Jiwe lilikuwa na masikio, moja limechanika.

"Uliipiga lini?"

"Alhamisi, mzee." (Ningedanganya, lakini Hamisi alishaanza kutazama mlango.)

"Alhamisi nilizunguka mpaka giza, kumbe alikuwa mbele yenu." Akavua miwani. "Hebu geuka."

"Mzee?"

"Geuka nikuone mgongo. Uso wako siujui."

Nikageuka, nikabaki nimetazamana na kalenda ya ukutani.

"Sasa punga mkono."

Nikapunga. Shangazi mmoja akashindwa kujizuia, wengine wakafuata, na Neema kajifunika khanga uso mzima.

"Ndiye," mzee akasema. "Kijana, nakudai shikamoo ya Alhamisi. Nikiipata tunaendelea, nisipoipata chukua picha yako."

"Shikamoo, baba," nikaiambia kalenda.

Akakunja miwani yake, akaitia mfukoni.

"Marahaba. Keti."

Mke nilipewa (na punda alirudi mwenyewe), picha ikatundikwa sebuleni pale, na kila mgeni huonyeshwa punda kwanza. Bado napeleka watu ziwani kupiga picha, ila sheria nimeibadilisha: akija mtu, simama, msalimie, msaidie kutafuta anachotafuta. Flamingo huruka wote, ndiyo. Siku hizi nina picha nyingi nzuri za maji matupu.