Gari Lenye Ubwiri

Nikipita pale kijiweni Kilwa Masoko siku hizi, lazima mmoja wao avute pua na kuuliza, "Jamani, mbona nasikia harufu ya salfa?" na wenzake wanacheka mpaka kahawa inawamwagikia, na mimi nawaacha maana wana haki yao. Kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe, kwa mdomo wangu, kabla hamjasikia kwa Shangazi Somoe, kwa sababu yeye kila akisimulia anaongeza kipande, na mkasa wenyewe haukuwa na haja ya kuongezwa kitu. Aibu yake ilikuwa imejaa tangu mwanzo.

Mimi ni fundi wa majokofu. Nina gari dogo jeusi nililolinunua Lindi kwa mtu aliyekwisha kulichoka, paa limepauka, matairi vipara, na mlango mmoja unafunguka kwa kuombwa. Mtu mwenye akili angenunua matairi. Mimi nikanunua nta.

Na si nta hii ya nyuki mnayoijua, wala si zile chupa zinazouzwa kwenye vituo vya mafuta (hizo nilikuwa nazibeza kwa sauti, mwenye kituo akisikia). Hii ilikuwa nta ya wenye nazo, niliiona kwenye simu, ikaja kutoka Dar kwa basi ndani ya kisanduku chenye kitambaa laini, na katikati ya kitambaa kimekaa kikopo kidogo kama cha mafuta ya mgando ya mtoto. Bei yake sitaitaja. Nitasema tu kwamba wiki hiyohiyo jirani yangu alinunua mbuzi kwa pesa kama ile, na mbuzi wake walau aliliwa.

Basi nikaota mapembe. Nilikuwa nasimama pale vijana wanapooshea bodaboda kwa sabuni ya unga na vipande vya kanga kuukuu, nawahubiria kwamba wanachubua rangi, kwamba gari lina ngozi yake, kwamba wao ni washamba na watakufa washamba. Mgeni akija kwangu simpi chai, namfungulia kikopo anuse (kilikuwa kinanukia nazi na ndizi mbivu), kisha nakifunga upesi asije akanimalizia harufu. Hata gari lenyewe nilikuwa sijalipaka. Nilikuwa naingoja siku inayostahili.

Siku ikaja. Nilikuwa nataka kumuoa Zuhura, mwalimu wa chekechea hapahapa Masoko, niliyemfahamu siku nilipokwenda kutengeneza friji ya mama mwenye nyumba wake. Kwao ni Miteja, baba yake mkulima wa korosho ambaye mimi sikuwahi kumtia machoni. Tulikuwa tumekubaliana, yeye amewaambia kwao, mimi nimemwambia Shangazi Somoe, dada wa marehemu baba yangu aliyenilea tangu nikiwa natambaa. Shangazi akamtafuta mshenga, Mzee Hemedi, mtu wa msikitini mwenye maneno mazito, barua ya posa ikaandikwa na kufungwa kwenye leso nyeupe. Iliyobaki ilikuwa kuipeleka tu, na nilikuwa nampenda yule mwanamke kuliko hata kikopo kile.

Sasa kila mtu anajua kwamba mwenye posa haendi na posa yake. Anakaa kwao, anatulia, anangoja jibu. Shangazi alikwisha kumwomba kijana wa jirani atuazime mikono yake aendeshe. Nikasema haiwezekani, mtu mwingine ashike usukani wangu, na nta ile? Nikasema nitakwenda mimi kama dereva, nitabaki garini, sishuki, nani atanijua?

"Utajulikana kwa kiherehere," Shangazi akasema.

Alfajiri ya safari, nilipotoka kuswali, nikafungua kikopo. Video nilizoziangalia zote zilisema jambo moja: paka kidogo sana, ngoja kidogo, kisha ifute yote kwa kitambaa mpaka gari ling'ae. Nikacheka peke yangu uani kama mwehu. Yaani nipake kitu cha bei ya mbuzi halafu nikifute? Hao Wazungu pesa zinawawasha! Mimi nimekua nikipakwa mafuta ya nazi kila Idi, na sikuwahi kuona mama anayempaka mwanawe mafuta kisha akamfuta. Nikapaka. Nikapaka mlango, nikapaka paa, nikapaka boneti mara mbili, nikapaka mpaka vitasa, na kwa kuwa sikutaka kioo cha mbele kijisikie yatima, nacho nikakipaka. Kufuta, sikufuta hata ukucha.

Nta ilipoanza kukauka ikageuka utando mweupe juu ya ule weusi, mabaka mabaka. Nikajiambia hiyo inaingia ndani.

Shangazi akaja na Mzee Hemedi, amevaa vizuri, kanga mpya, ananukia udi, akanyoosha mkono aliwekee gari kiganja aliombee dua ya safari kama anavyofanya kwa kila chombo, hata baiskeli. Nikapiga kelele, "Shangazi, usiguse!" Mkono wake ukabaki hewani. Mzee Hemedi akatazama chini.

"Mkono huu ndio uliokuwa ukikutawaza," Shangazi akasema polepole. "Leo una uchafu gani, baba?"

Nikawafungulia milango kwa leso yangu ya mfukoni, wasishike, wakaingia, tukaenda mpaka Nangurukuru na kupita, huku mimi nachungulia kwenye kioo kilichoingia ukungu kama mtu anayetazama dunia kutoka ndani ya chupa. Kila lori lililotupita lilituachia vumbi lake na vumbi halikwenda popote.

Miteja tukaacha lami, tukaingia njia ya mchanga hadi kwenye nyumba iliyozungukwa na mikorosho. Baba mkubwa wa Zuhura akatoka kuwapokea wageni wangu, akawakaribisha barazani kisha ndani. Mimi nikafanya udereva wangu. Jua lilikwisha kuchomoza, nikaogopa nta isije ikayeyuka, nikaliingiza gari chini ya mkorosho mmoja mkubwa wenye kivuli kizuri, nikashusha kioo nusu, nikaegemeza kiti.

Akatokea mzee mmoja kutoka shambani, amebeba mashine ya kupulizia mgongoni, mdomo na pua amefunga kitambaa, nguo, kofia na nyusi zote za manjano kwa salfa, ile dawa ya unga wanayopulizia mikorosho asubuhi na mapema umande ukiwa bado kwenye majani. Nikamhesabu kibarua. Nikamtupia shikamoo ya mdomo nusu, bila kuinuka.

"Marahaba," akasema. "Dereva, sogeza gari kidogo. Nimebakiza mkorosho huu."

"Mzee, si upulizie mwingine? Gari hili halitaki jua."

"Umande unakauka, kijana. Salfa haingoji."

"Basi uache huu, mkorosho mmoja tu! Hapa pana gari la watu."

Hakubishana. Alilizunguka gari taratibu, akainama kwenye boneti, akapitisha kidole, akakitazama kidole, akanitazama mimi. "Gari hili lina ubwiri," akasema. Ubwiri, kwa msioujua, ni ule ugonjwa wa mikorosho unaotia maua na majani unga mweupe kama majivu, ndio huohuo unaotibiwa kwa salfa. Na kusema kweli, ukilitazama gari langu asubuhi ile, mkulima yeyote angesema vilevile.

Kisha akawasha mashine yake, akapulizia mkorosho wake.

Nilipandisha kioo. Wingu la manjano likapanda matawini, likatua. Gari la mtu mwingine ungelipiga kofi unga ukaanguka. Langu lilikuwa limepakwa nta nzito isiyofutwa, salfa ikanata juu yake kama unga kwenye kinyunya cha andazi. Nikatoka mbio na kile kitambaa laini, nikasugua, na kila nikisugua inakuwa uji, uji wa manjano wenye harufu ya kiberiti na ndizi, gari likawa kama bibo la mkorosho lililopondwapondwa. Mzee akazima mashine, akaniangalia natoka jasho. Hakucheka. Angecheka ingekuwa afadhali.

"Gari la nani?"

Na hapa ndipo nilipojichimbia kaburi. Mtu akiaibika hutafuta wa kumtupia aibu, na pale palikuwa na mtu mmoja tu asiyekuwepo wa kutupiwa, naye ni mimi, mwenye posa.

"La bosi wangu," nikasema. "Huyo anayeposa."

"Kumbe. Na mwenyewe mtu wa namna gani?"

"Mzee wangu, mimi dereva tu, lakini nikwambie ukweli? Hana akili. Nta hii kainunua bei ya mbuzi, na choo chake hakina mlango, kimewekwa gunia." (Hilo lilikuwa kweli tupu, na gunia lenyewe lilikuwa limechanika.)

"Ataweza kumtunza mke?"

"Atamtunza akishamaliza kulitunza gari!" nikasema, nikacheka kwa nguvu, nikaona nimepata mwenzangu wa kuzungumza naye. "Leo asubuhi kamkemea shangazi yake, eti asiguse gari. Shangazi aliyemlea!"

Mzee akatikisa kichwa muda mrefu. "Ahsante, kijana," akasema. "Umenisaidia." Akaenda zake nyuma ya nyumba.

Nilikaa pale nasugua kioo mpaka mtoto wa nyumbani akaja kuniambia naitwa ndani. Nikavua viatu, nikaingia, nikaona Shangazi na Mzee Hemedi mkekani (kanzu nyeupe ya Mzee Hemedi ina mstari mchafu wa nta na vumbi kiunoni, alipojipenyeza mlangoni), nikamwona baba mkubwa, na pembeni yake mzee aliyekwisha kuoga, kanzu safi, kofia ya kufuma, ile leso yenye barua ya posa iko mbele ya magoti yake. Kwenye nyusi ilikuwa imembakia salfa kidogo.

Nikakaa palepale mlangoni.

"Wageni wangu," baba yake Zuhura akasema, "mmesema maneno mazuri sana juu ya kijana wenu, na kaka yangu alikuwa tayari kuitika. Lakini mimi nimezungumza na mtu anayekaa naye. Nimeambiwa ana kiburi, hana akili, anamkemea aliyemlea. Binti yangu simpi." Shangazi akanigeukia taratibu, na uso wake ulikuwa unahesabu. "Ila huyu dereva," mzee akaendelea, akaninyooshea kidole, "huyu nimempenda. Anasema kweli hata kwa anayempa riziki. Kama hajaoa, naye alete barua yake."

Mimi nilikuwa natazama mkeka na kuomba unimeze.

"Mzee mwenzangu," Shangazi Somoe akasema, "barua yake unayo hapo mbele yako."

Nyuma ya pazia mtu akapasuka kicheko, nikakitambua, ni cha Zuhura, akajaribu kukizuia kwa kanga, kikatokea upande wa pili. Baba yake hakucheka. Aliitazama leso, akanitazama mimi, akaitazama tena leso, na mimi nikajikuta namshika Shangazi mkono, ule mkono wa asubuhi, mbele za watu wote, nikambusu kiganja na machozi yananitoka kama mtoto. Sikuwa naigiza. Niliona kwa hakika kwamba nimempoteza mwanamke yule na kwamba hakuna mwingine wa kumlaumu.

Mzee akasukuma leso kwa kidole mpaka kwa Mzee Hemedi. "Rudini nayo," akasema. "Mkakubaliane huko kwenu nani anaoa. Akiwa dereva, mlango uko wazi. Akiwa mwenye gari, asijisumbue."

Tulirudi Masoko na gari la manjano mchana kweupe, siku ya gulio, na watoto walitukimbilia mpaka mlangoni. Nililiosha palepale nilipokuwa nahubiri, kwa sabuni ya unga na kipande cha kanga, vijana wa bodaboda wamekaa kwenye mawe wananielekeza pa kusugua. Hawakuniachia hata dakika moja.

Mara ya pili Mzee Hemedi alikwenda na basi, peke yake. Mimi nilikaa nyumbani nikitia mlango chooni, mbao nzuri, bawaba tatu, nimetulia kama mwenye posa anavyotakiwa kutulia, ingawa misumari miwili niliipigilia kwenye kidole changu. Jibu likaja jioni, wamekubali. Mkwe wangu mpaka leo hajawahi kuniita jina langu. Ananiita Dereva, hata mbele ya shehe, na mimi naitika.

Nta sitainunua tena maishani, hata nikipewa bure, na mtu akinisimulia habari za ngozi ya gari naondoka. Kikopo kilibaki na kama robo hivi. Shangazi alikinusa, akakipenda, akakichukua bila kuuliza, anapaka visigino vyake vilivyopasuka kila anapokwenda harusini. Anapaka nyingi, nzito, haifuti, na akipita uani kwangu vumbi lote linamfuata miguuni. Namuona, na simwambii kitu.