Shemeji wa Buchani na Kidole Alichokificha

Mume wa mdogo wangu anauza nyama, na kwa domo hana mpinzani. Ukilalamikia mifupa anakuuliza, "Sasa ng'ombe angesimama na nini, dada yangu?" Wateja wanacheka na mifupa wanabeba.

Kisu chake kikali. Siku kikimpitia kidole, anafunga kitambaa, anavaa glovu juu, anaendelea kukata. Wauza nyama ndivyo walivyo: mteja akiona kidonda tu, kesho yuko bucha la jirani.

Asubuhi moja nilikwenda kununua maini nikamkuta kakaa juu ya gogo la kukatia, jasho linamtiririka, mkono kifuani.

"Gesi tu, shemeji."

"Gesi gani inayokulowesha shati? Funga duka."

"Na nyama hii?"

"Imeshakufa hiyo. Twende kabla hujaifuata."

Mdogo wangu alitukuta hospitali. Daktari, mama mmoja mtulivu, alimbandika mgonjwa waya za kupima moyo, akachukua na damu. Waya hazikuonyesha kitu cha wazi. Kipimo cha moyo kwenye damu kilikuwa sawa. Lakini kipimo kingine, kile kinachopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi ndani, kilikuwa juu.

"Hiki kinaniambia kuna moto," daktari alisema. "Hakiniambii unawaka nyumba gani. Huenda ni moyoni, huenda ni kwingine. Una kidonda popote?"

"Sina," akajibu shemeji, mkono wa kushoto umezama mfukoni.

Hapo uvumilivu ukaniisha. "Toa huo mkono! Daktari hakuja kununua nyama."

Akautoa. Kidole kimevimba, kinang'aa, usaha tele. Mdogo wangu akashika kichwa. Shemeji mwenyewe sasa! Akachangamka kama aliyeshinda kesi.

"Moto wenyewe si huu hapa? Nipasueni kidole, nirudi kazini."

"Kidole kinaweza kupandisha kipimo," daktari akamwambia, "lakini kidole hakikubani kifua. Moyo ukiumia, mwanzoni damu inaweza isionyeshe. Ubaki hapa, baada ya muda tupime tena."

"Na akikataa?" mdogo wangu akauliza.

"Kama ni moyo, anaweza kuangukia njiani."

Shemeji alikuwa ameshaanza kupapasa viatu chini ya kitanda. Mdogo wangu, ambaye tangu aolewe sijamsikia akipaza sauti, akaviokota, akaviweka kwenye kiti, akavikalia.

"Nenda pekupeku, baba watoto. Wateja wako wakuone."

Shemeji akarudi kulala, kanuna kama mtoto aliyenyimwa peremende.

Kipimo cha pili cha moyo kilikuwa kimepanda. Mshtuko wa moyo kweli, ila walikuwa wamemuwahi. Alianzishiwa dawa palepale, kidole nacho kikapasuliwa na kusafishwa. Daktari alisema moyo umeumia kidogo tu. Akizifuata dawa na kuachana na mafuta, ataendelea na kazi.

Sasa mdogo wangu ndiye anayekata nyama, na anakata vizuri kumshinda mumewe, ingawa hilo msimwambie. Shemeji anakaa kwenye stuli, anapima na kubishana na watu.

Juzi alinionyesha kipande chake cha nyama cha mchana, chekundu kitupu bila mafuta, kidogo kama kiganja cha mtoto.

"Siku hizi ndiyo sahani yangu hii."

"Pole, shemeji."

"Pole ya nini? Si nakula?"