Ngozi ya Mama Nyuma ya Kamba

"Shilingi hamsini, bibi, ama ubaki nje."

"Nilipe kumwona mama yangu?"

Bibi mmoja na mlinzi walikuwa wanabishana mlangoni mwa makumbusho ya mavazi ya kale, kijijini karibu na Butiama. Ndani, nyuma ya kamba, lilitundikwa vazi la ngozi la marehemu mama yake bibi. Aliliazimisha miaka ile ya uhaba na foleni za nguo, akaahidiwa kwamba litarudi baada ya maonyesho. Hasira zikanipanda mimi niliyesimama nyuma yake, nikamlipia.

Mavazi mengine hakuyatazama. Aliinama juu ya kamba, akaweka pua kwenye ngozi, akakaa hivyo muda mrefu.

"Mama alikuwaga anaipaka samli," akaniambia. "Nyumbani nimebaki peke yangu, nikasema nije nimnuse. Sasa inanuka dawa ya mende."

"Tunaitunza, bibi," mlinzi akasema.

"Mimi ningeivaa."

Sokoni Musoma mitumba ya kafa ulaya, eti mwenyewe alifia Ulaya, imejaa siku hizi, na tunaivaa bila kujua ilikuwa ya mama wa nani. Ngozi hii mwenyewe yupo hai, na anakatiwa tiketi.

Bibi aliazimisha, hakuuza. Mrudishieni ngozi yake.