Baruti Aliyoizoa Mzee Gichuki

Wanjohi si mtu wa kutulia. Kwenye ghala la mizigo kule Euless, ughaibuni, wenzake humuuliza kama kiti chake kina misumari. Kwa miezi minane alimtengenezea mkewe, Kanana, risasi za mashindano ya shabaha, garajini kwao. Mkono wa kupima ulikuwa wake, jicho la kulenga la mkewe. Aliongeza baruti kiasi cha punje mbili za chumvi, wakaenda kwenye kiwanja cha shabaha cha Mansfield, Kanana akapiga risasi tatu. Akaongeza tena, akapiga tena. Mwishowe wakapata kipimo ambacho kwacho matundu yote matatu ya risasi yalifunikwa na kidole gumba. Wangekipita kipimo hicho, bunduki ingeweza kupasuka usoni mwa mpigaji.

Ijumaa, kesho yake mashindano, Kanana akiwa zamu hospitalini, Wanjohi alikuwa amejaza baruti maganda ishirini, hajabana bado vichwa vya risasi juu yake. Mzee Gichuki wa kanisani akabisha hodi bila kupiga simu. Alikunywa chai, akaomba aonyeshwe hiyo kazi ya garajini. Akainua ganda moja, akachungulia, baruti ikamwagika kidogo mezani. Akasema samahani, akaizoa kwa ukucha, akairudisha.

Katika ganda lipi? Wanjohi hakuona. Alipaswa kumwaga zote na kupima upya, lakini kumwaga mbele ya Mzee kulikuwa sawa na kumwambia ameharibu. Heshima si utumwa, wanasema. Siku hiyo heshima ilimfunga mikono. Akacheka na Mzee, akabana vichwa vyote ishirini huku akimweleza kazi inavyofanyika. Mkewe aliporudi, Wanjohi hakumwambia kitu. Aligeukageuka kitandani mpaka kukakucha.

Asubuhi Kanana alilala kifudifudi kiwanjani, shavu kwenye kitako cha bunduki. Nyuma yake Wanjohi alifunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga tena. Kengele ya kuanza ilipolia, akashindwa kuvumilia.

"Kanana, usipige. Toa hiyo risasi."

Wakajiondoa mashindanoni; njiani akamsimulia habari za Mzee na baruti. Nyumbani wakazifungua moja moja na kupima baruti ya kila ganda. La tatu lilikuwa pungufu. La kumi na nne lilikuwa limepita kipimo, tena sana. Kanana akaigeuza mizani imwelekee mumewe.

"Ulijua tangu jana?"

"Nilijua."

"Mzee ulimwonea haya. Mimi je, hukunionea huruma?"

Simu ya Wanjohi ikaita: Mzee Gichuki, anauliza mashindano yamekwendaje. Kanana akapokea, akamsalimu kwa adabu, akampa mumewe simu na kusimama palepale. Wanjohi akaeleza yote, tangu ile baruti ya mezani hadi lile ganda la kumi na nne.

"Sasa kijana wangu," Mzee akasema, "si ungeniambia tu nisiguse?"