Nilivyokwenda Karibiani Nikiwa Wakrah

Hili jambo nilijiapiza sitalisimulia kwa mtu, na hata sasa ninavyofungua mdomo nahisi masikio yanawaka moto, lakini kwa kuwa darasa zima la sita la shule moja ya msingi kule Pangani, watoto hamsini na kitu pamoja na mwalimu wao, wanalijua mwanzo mpaka mwisho, sioni tena ninachokificha. Mimi ndiye yule mama aliyekwenda Karibiani bila kutoka Qatar.

Naitwa Zuhura. Nafanya kazi za ndani na kulea watoto kwenye nyumba moja Al Thumama, hapa Doha, huu mwaka wa nne. Ni karibu na uwanja wa ndege, ndege zikitua vijiko vinacheza kabatini (mwanzoni nilikuwa natoa shahada kila moja inapopita, siku hizi hata sigeuki). Kwetu Pangani nimemwacha binti yangu, Rehema, ana miaka kumi na miwili, anaishi na mama yangu. Ni mtoto mkimya, wa kukaa dawati la nyuma, ila hesabu anazijua mpaka unashangaa kazitoa wapi, maana si kwangu na wala si kwa baba yake, ambaye hata siku za kukaa na sisi alishindwa kuzihesabu.

Basi, mwezi wa kwanza madamu akaniambia familia inakwenda mapumziko ya wiki mbili, kisiwa kidogo huko Karibiani, kidogo kiasi kwamba ukikizunguka kwa gari unarudi ulipoanzia chai yako bado ya moto, na mimi nitakwenda nao kuangalia watoto. Wao wakiwa majini, mimi nitakaa na yule mdogo chini ya mwavuli. Jamani! Mimi ambaye miaka minne bahari naiona kwa dirisha la gari nikiwa nimepakata mtoto wa mtu! Nikapiga simu nyumbani palepale, mama akawaambia majirani, majirani wakawaambia wasiouliza, na Rehema akaenda kusema darasani. Nilifurahi kusikia amesema, kwa sababu kuna watoto pale walikuwa wanamwambia mama yake kazi yake kusugua vyoo vya Waarabu (ni kweli navisugua, na vinang'aa, lakini mtoto hapaswi kuambiwa hivyo mbele ya wenzake).

Siku tatu kabla ya safari nipo jikoni namenya viazi, madamu akaingia.

"Zuhura, viza yako haikutoka. Khalas. Dada yangu atakuja kusaidia watoto. Wewe utabaki na Simsim."

Simsim ni paka.

Nikasema, "Hamna neno, madamu," nikaendelea kumenya, nikamenya mpaka kiazi kikabaki kama gololi, nikachukua kingine.

Nilipanga kuwaambia nyumbani siku ileile, wallahi nilipanga. Lakini kila nikishika simu naona uso wa mama anavyokwenda kwa jirani kufuta maneno, basi naweka simu chini, namlisha paka, namwagilia maua, nasema kesho. Ikafika siku ya safari, wakaondoka, nyumba ikawa kimya, na kesho yake simu ikaita. Rehema. Hata shikamoo hakunipa.

"Mama, mmefika?"

Alikuwa anahema, na nyuma yake nasikia watoto wengine wamemzunguka, wanaambiana "nyamazeni, nyamazeni tusikie." Nikafungua mdomo nieleze, kikatoka hiki:

"Tumefika, mwanangu."

Wakashangilia kama timu imefunga bao. Neno moja tu, wenzangu. Ningelimeza lile neno, leo ningekuwa na amani yangu.

Maana baada ya hapo ikawa lazima picha. Madamu alikuwa anaweka zake kila siku kwenye status, maji ya kijani, viti vya kitambaa, samaki mzima kwenye sahani na ndimu mdomoni, basi mimi nazichukua, natuma Pangani. Siku moja nikatuma miguu iliyonyooshwa kwenye mchanga bila kuangalia vizuri. Mama akapiga.

"Zuhura, hiyo miguu ni yako? Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

"Ni losheni ya huku, mama."

"Na kucha nyekundu?"

"Ni losheni ileile, mama." (Sijui hata nilikuwa najibu nini.)

Mambo yangeishia hapo, nikarudi "Karibiani" wiki mbili zikiisha, nikanyamaza. Lakini akanipigia mwalimu wao wa jiografia, Mwalimu Shayo, kijana mwenye adabu na mwenye bidii nyingi kupita kiasi. Akasema wamefika kwenye mada ya visiwa, na Rehema, ambaye hajawahi kunyoosha mkono tangu amjue, alisimama mwenyewe akasema mama yake yuko kisiwani sasa hivi na anaweza kuwaonyesha. "Tafadhali, Mama Rehema, dakika kumi tu za video. Ijumaa saa nne asubuhi. Hujui itamjenga vipi huyu mtoto."

Ningesemaje? Nikasema sawa.

Nikamkimbilia Akinyi, rafiki yangu Mkenya, mlinzi wa jengo moja kule The Pearl. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Si uambie tu mtoto ukweli?"

"Nitamwambia akikua."

"Wewe uko na shida. Sasa, Pearl nayo ni kisiwa, hata kama ni ya kutengenezwa, lakini hizo maghorofa zitakuchoma. Twende Wakrah. Ijumaa asubuhi hakuna watu."

Tukaenda Wakrah, mji wa pwani kusini kidogo mwa Doha. Nimevaa gauni la maua, miwani ya jua, na kofia kubwa ya ukindu niliyoitoa kwenye kabati la madamu (Mungu anisamehe, niliirudisha). Kufika, maji yametoka, yako kule mbali, mbele yetu matope na ndege wawili wanadonoa. Tukatembea ufukweni mpaka tukapata mahali penye mchanga msafi na mti mmoja, Akinyi akashika simu, mimi nikashika juisi ya chungwa yenye mrija, nikaegemea mti kama mtu asiye na dhiki duniani, tukapiga.

"Shikamoo, Mama Rehemaaa!" Sauti hamsini kwa pamoja. Machozi yalinilenga, nawaambia kweli. Na mbele kabisa, dawati la kwanza, kakaa Rehema wangu, hijabu nyeupe imepigwa pasi, anatabasamu meno yote, kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu namwacha.

Wakaanza kuuliza. Kuna papa? Wapo, lakini wapole. Watu wanakula nini? Samaki na ndimu. Wanaongea lugha gani? Ya kwao. Nikaona mambo yanakwenda, nikazidi kujiamini, nikawaambia nasikia raha, hakuna kazi, hakuna haraka, ni kulala na kuamka. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono.

"Mama, huo si mnazi. Huo ni mtende."

Nilisahau naongea na watoto wa Pangani, watu waliozaliwa chini ya minazi! Nikajibu, "Huku minazi yao ndivyo ilivyo." Darasa likanong'ona. Akinyi nyuma ya simu anauma mdomo.

Mwalimu Shayo, nia yake njema kabisa, akaona awatulize kwa somo. "Haya, sikilizeni. Kisiwa alichopo Mama Rehema kipo longitudo sitini Magharibi. Sisi saa zetu tunazipima kwa arobaini na tano Mashariki. Hapa ni saa nne na dakika kumi asubuhi. Nani atatuambia huko ni saa ngapi?"

Mikono haikunyooka. Ukanyooka mmoja, wa dawati la mbele.

Akaenda ubaoni mwanangu. Nikamwona mgongo wake mwembamba, chaki inakwenda tk, tk, tk. Sitini jumlisha arobaini na tano, mia moja na tano. Gawanya kwa kumi na tano, saba. Mimi sikuelewa anakokwenda, nilikuwa nimejaa fahari tu, nawaza ona mtoto wangu, ona! Akasoma kwa sauti, sauti ambayo sikujua anayo:

"Tofauti ni saa saba. Magharibi tunatoa. Kwa hiyo huko kwa mama sasa hivi ni saa tisa na dakika kumi za usiku."

Halafu akageuka kuniangalia.

Nilikuwa nimekaa juani, wenzangu. Jua limenipiga usoni mpaka miwani inang'aa. Tabasamu lake halikutoka mara moja, lilitoka kidogokidogo, kama mtu anayejaribu kulishika lisianguke.

"Mama," akasema polepole, "mbona kuna jua?"

Na mimi, mtu mzima, mwenye akili zangu, nikajibu, "Mwanangu, huku jua linawahi."

Jua linawahi! Nikilikumbuka hilo jibu usingizi unakata. Hata hivyo nadhani mwalimu angeniokoa, alishaanza kusema "labda mtandao...", lakini akatokea mlinzi wa ufukwe, Mganda, mpole, kanyoosha mkono kwa heshima, anaongea kwa sauti ya kusikika kwa sababu ya upepo.

"Madam, samahani. Hapa Wakrah hapana piga video. Iko familia za watu. Hii ni Qatar, madam, watakuletea shida."

Kiswahili! Dunia yote hii, watu wote wanaolinda fukwe za Qatar, siku hiyo akanijia wa Kiswahili. Darasa likalipuka. Watoto walicheka wakapiga madawati, mmoja anapiga kelele "Yuko Qatar! Hajaenda popote!" na mwalimu anagonga ubao, "Nyamazeni! Nyamazeni!" Katikati ya yote hayo Rehema amesimama, chaki mkononi. Hakulia. Aliiweka chaki kwenye ukingo wa ubao, taratibu, ikae sawa, akapita katikati ya madawati, akatoka mlangoni.

"Zuhura," Akinyi akaniuliza, simu bado ameinyoosha, "nikate?"

Nilikaa pale mchangani mpaka adhana ya Ijumaa. Mlinzi aliniletea maji ya kunywa, masikini, akadhani nalia kwa sababu yake.

Mwalimu alituma ujumbe: "Pole, Mama Rehema. Nimewatuliza wanafunzi." Angenitukana ningepona, lakini ile pole ilinimaliza. Mama alipiga simu, hakufoka, alisema tu, "Mimi watu nitawavumilia, Zuhura. Lakini huyu mtoto umemfanya nini?" Akaniambia Rehema kakataa kwenda shule, na akipita njiani wanamwita "Karibiani". Kila nikipiga, nasikia mama anasema "mama yako huyu," halafu nasikia mlango.

Wiki mbili zikaisha, familia ikarudi, wamebabuka na wamefurahi. Madamu akanipa kombe la baharini, kubwa, la rangi ya waridi ndani, zuri sijapata kuona. "La kutoka kisiwani," akasema, "mtumie binti yako." Niliingia chumbani kwangu nikalishika muda mrefu. Hapo nilikuwa nacho kitu cha kweli kutoka Karibiani, cha kushika mkononi, na hakuna mtu Pangani ambaye ningemwambia kimetoka huko akaniamini. Nikalifunga kwenye kanga, nikaliweka chini ya nguo.

Siku ya kumi na tisa Rehema akapokea simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Nikamweleza yote, tangu viza mpaka paka, sikujitetea hata kidogo.

"Na Desemba?" akauliza.

Ni hivi, mkataba wangu unaisha mwaka huu, na nilikuwa nimemwambia Desemba narudi nyumbani moja kwa moja. Hilo ni kweli, nimeshamwambia hata madamu.

"Desemba imefanyaje, Rehema?"

"Uliposema unarudi. Na hiyo utakuwa uko Wakrah?"

Nikamwambia hapana, mwanangu, hiyo ni kweli, naapa. Akasema, "Sawa." Sijui kama mmewahi kusikia "sawa" ya mtu mzima ikitoka kwenye mdomo wa mtoto. "Haya, mama, bibi ananiita." Na sikusikia bibi akiita.

Basi nimejiwekea sharti, na sitalivunja hata nikiwa natia aibu: nikiulizwa niko wapi, nasema nilipo. Niko chooni nasugua. Niko juu ya ngazi nafuta feni. Niko kitandani mgongo unauma. Kila siku namtumia Rehema picha moja ya hapo nilipo, bila kofia ya mtu, bila miguu ya mtu. Leo nimemtumia mikono yangu na sufuria ya wali ulioungua, nikaandika, "Jikoni, Al Thumama, saa saba na nusu mchana, kama huko kwenu."

Ameiona. Hajajibu.