Mama Adolphine na godoro la mbwa mzee

Ni saa moja asubuhi, mwezi wa Juni, na mtaa wa Kanina mjini Kolwezi bado haujautoa ukungu usoni. Mbele ya nyumba ya matofali ya kuchoma, Mama Adolphine Kayakez ameketi kwenye kigoda, sindano ndefu ya magunia mkononi, akishona ubavu wa godoro. Kila anapovuta uzi, punje za sponji zinaruka na kuelea hewani. Zinamtua kwenye kilemba. Naye anaziacha zikae.

Mguu wake wa kulia hauna kandambili. Ameuweka juu ya mgongo wa mbwa.

Mbwa ni wa rangi ya udongo mkavu, mdomo umekwisha kuwa mweupe kwa uzee. Anaitwa Sandoa, kwa kuwa aliletwa kutoka mji wa jina hilo akiwa mtoto, juu ya lori la mihogo, ndani ya kikapu. Sasa ana miaka kumi na mmoja. Ghafla anaunguruma, sauti ndogo ya kifuani. Mama Adolphine haisikii. Anaihisi kwenye unyayo. Anainua macho, na kweli, mteja amesimama langoni.

"Mi sisikiake na masikio," anasema. "Nasikiaka na muguu."

Ana miaka hamsini na saba. Sikio la kushoto halisikii tena kabisa, na la kulia hupokea sauti kama zimepitia kwenye pamba. Miaka mingi alifanya kazi pembeni ya mashine ya kusaga mawe, akiosha madini ndani ya maji machafu. Siku alipoacha, alidhani amepumzika na kelele. Baadaye akatambua kwamba hata ndege wamenyamaza.

Ndipo akaanza magodoro. Huokota na kununua vipande vya sponji, mifuko iliyokwisha kazi na vitambaa vya mistari, kisha huvigeuza kuwa kitu cha kulalia. Kila mteja huulizwa swali moja kabla ya kitambaa kukatwa: "Unalaliaka ubavu gani?" Watu hucheka, kisha hufikiri, na wengi hugundua kwamba hawajui. Godoro la mtu mmoja humchukua siku tatu, na bei yake humtosha kununua unga na makaa ya wiki.

Katika kazi yote hiyo, Sandoa ndiye aliyekuwa masikio yake. Walipokwenda kuokota sponji, mbwa alitangulia. Walipofika barabara kuu, ile ya malori yanayobeba madini kuelekea Fungurume na mbele zaidi, mbwa alimwegemea magotini mpaka lori limepita. Kisha akaacha kuegemea, na mama akajua njia ni nyeupe.

Mwaka jana, baridi ilipoanza, mambo yakabadilika polepole, kama nguo inavyochakaa. Sandoa alianza kubaki nyuma. Asubuhi alichelewa kunyanyuka. Wateja walifika langoni, wakaita, wakaondoka. Mama alikuwa akizipata habari zao jioni kwa majirani.

"Nilizani amenikasirikia," anasema. "Mi namuita, yeye ananiangalia tu."

Halafu ikaja ile asubuhi ya barabara. Alikuwa amebeba mzigo mkubwa wa sponji kichwani. Akahisi magoti yako huru, akavuka. Lori likapita nyuma yake karibu kiasi kwamba upepo wake uliunyakua mzigo wote. Sponji zikatawanyika angani, nyeupe na za manjano, zikawa zinashuka taratibu juu ya barabara, juu ya vichwa vya watu, juu ya vumbi. Mama Adolphine alisimama katikati yake kama mtu aliyeamshwa mahali asipopajua.

Alipogeuka kumtafuta mbwa, alimwona upande wa pili, mbali. Sandoa alikuwa amekaa chini, anajaribu kuinuka. Miguu ya mbele ilisimama. Ya nyuma ilikataa. Mdomo wake ulifunguka na kufungika, na mama hakusikia kitu, lakini watu waliokuwa karibu walimwambia baadaye kwamba mbwa yule alikuwa akilia.

Alimbeba hadi nyumbani mikononi, akiacha sponji barabarani.

Majirani walikuwa na ushauri. Mmoja alisema mbwa mzee hupelekwa porini. Mwingine alileta vidonge vya maumivu ya mgongo alivyoandikiwa mumewe. Vidonge hivyo vilikuwa bado mezani siku Myriam, daktari wa mifugo, alipopita mtaani kuwachanja mbwa dhidi ya kichaa. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuvirudisha kwa mwenyewe.

"Hapana, mama," alisema, akihamia upande wa sikio la kulia. "Dawa ya batu inaweza kumutoboa tumbo. Inaweza kumuua kabisa."

Akapiga magoti, akashika mguu wa nyuma wa Sandoa, akaukunja na kuukunjua pole pole. Kisha akauchukua mkono wa mama, akauweka juu ya nyonga ya mbwa ili ahisi. Ndani palikuwa na mkwaruzo, kama mchanga kati ya mawe mawili.

"Ni arthrose," Myriam alisema. Ni ugonjwa ambao Kiswahili cha vitabuni huuita baridi yabisi ya viungo. "Haiponake, mama. Lakini tunaweza kuituliza. Imbwa yako haiko na kasirani. Iko na maumivu."

Mama Adolphine anakumbuka kwamba hapo ndipo alipokaa chini.

Dawa ya mbwa alipewa kidogo, kwa asubuhi zile mbaya tu. Yaliyobaki yalikuwa kazi ya mikono. Kwanza, uzito. Hapakuwa na mizani ya mbwa, hivyo walikwenda kwa Musafiri, mnunuzi wa madini mwenye asili ya Kasongo, ambaye mizani yake hupima magunia ya shaba. Musafiri ni mtu wa sala, na mate ya mbwa hayataki kwenye kanzu yake. Alitandika mfuko safi juu ya mizani, akarudi hatua nyuma, akasema, "Haya, mama, weka ule muzee."

Kilo thelathini na mbili. Myriam alitaka ishirini na tano.

"Kama ingekuwa shaba," Musafiri alisema, "ningenunua yote."

Bukari, ugali wake wa usiku, ikapunguzwa. Matembezi marefu yakakatwa vipande: kidogo asubuhi, kidogo mchana, kidogo jua likitua, wala si siku nzima kulala na siku nyingine kutembea mpaka sokoni. Sakafu ya saruji, inayoteleza, ikafunikwa magunia. Asubuhi za baridi, chupa ya maji ya moto ndani ya kitambaa, juu ya nyonga.

Na kitanda. Hapo fundi alijiona yuko nyumbani kwake. Alichagua sponji laini kuliko zote, akashona godoro nene kama wingu, akamlaza Sandoa juu yake. Mbwa alizama. Asubuhi alishindwa kutoka. Alipiga makasia kwa miguu kama anaota anakimbia, hadi mama akamvuta.

"Nilimushonea laini sababu namupenda," anasema. "Kumbe alitafuta kitu ya kumubeba."

Akashona la pili. Sponji ngumu zilizoshindiliwa chini, tabaka jembamba laini juu, ukingo mfupi upande mmoja wa kuegemeza kichwa. Sandoa alilizunguka, akalala, na kesho yake akasimama mwenyewe.

Siku chache baadaye Stéphane, mchimbaji wa migodi midogo anayeishi nyumba ya tatu, alipita akitoka shimoni, vumbi la kijani kwenye kope. Alimwona mbwa juu ya kitambaa cha mistari. Akasimama.

"Mama," alisema, kwa sauti ambayo hata sikio lile lilisikia, "imbwa yako inalala muzuri kupita mi. Mi, na bibi yangu, na batoto, tunalalaka juu ya mifuko. Na imbwa iko na matela."

Akaendelea na njia yake. Mama Adolphine alimtazama Sandoa, akaitazama njia, na siku ile hakushona tena.

Kesho yake alilifungua lile godoro la kwanza. Akaziosha sponji zote, akazianika kwenye ua kwa siku mbili, akaongeza nyingine, akashona upya kwa kitambaa kipya, kubwa la watu wawili. Akamwita Stéphane, akamweleza bila kuficha.

"Ndani iko sponji ya matela ya imbwa. Aliikataa, sababu iko laini sana. Nimeiosha. Ukikataa na weye, sitakasirika."

Stéphane aliliminya kwa kiganja. Kisha akacheka, kwanza kidogo, baadaye mpaka akashika ukuta.

"Kama imbwa iliikataa juu ya kulainika, mi naikubali juu ya ile ile."

Wiki iliyofuata alirudi kumsalimia. Akamwambia ameota ndoto, jambo ambalo halijamtokea tangu aanze kushuka shimoni. Alikuwa akielea juu ya Kolwezi nzima, na mashimo yote chini yalikuwa yamejaa maji safi, na watu wameketi pembeni wameingiza miguu.

Sandoa hajawa kijana. Zipo asubuhi ambazo hata chupa ya moto haimshawishi. Lakini kilo zimeshuka, hadi ishirini na sita, na kifua kimerudi kuunguruma. Barabara kuu hawavuki tena. Musafiri ndiye anayepitisha sponji kwa gari lake.

Ni gari hilohilo lililowapeleka Nzilo, Oktoba iliyopita, wakati wa joto. Myriam alikuwa amesema kutembea ndani ya maji yenye uvuguvugu hupunguzia viungo mzigo, na Musafiri alikuwa na bidhaa za kuwapelekea wavuvi wa huko. Ziwa la bwawa lilikuwa limelala kimya. Mama aliingia na kitenge chake. Sandoa akamfuata, maji yakamfika tumboni, na hapo mwendo wake ukanyooka. Hakuchechemea. Alitembea kando ya ukingo, kwenda na kurudi, masikio yamesimama, kama mbwa aliyesahau kitu kizito mahali fulani na hataki kukikumbuka.

"Hata mi nilisahau," anasema Mama Adolphine. "Nilikuwa naona kama sisi wote wawili hatuna mufupa."

Sasa, katikati ya oda za wateja, anashona kitu kingine: mkanda mpana wa kitambaa cha godoro, wenye mishikio miwili, wa kupita chini ya tumbo la mbwa na kuzibeba nyonga. Anampimia. "Simama kidogo, tata," anamwambia, kama mtu anayemwita baba, na mzee anasimama.

Septemba, maji yakianza kupata joto, watarudi Nzilo. Musafiri amekubali Jumapili mbili kila mwezi, hadi mvua. Na safari hii hawatabaki ukingoni. Mama anataka wafike mbele, pale ambapo miguu haigusi tena chini, kwa sababu Myriam amemwambia kuogelea ni bora zaidi.

Je, yeye mwenyewe anajua kuogelea?

Mama Adolphine anauvuta mkanda kwa mikono miwili, anaujaribu kama utashika.

"Hapana," anasema, akimtazama Sandoa. "Lakini yeye anajua."